Jumaa Zilizositishwa Thika

Waziri wa Afya wa Kenya Mutahi Kagwe alipotangaza tarehe 22 Machi 2020 kwamba ibada zote za pamoja zisitishwe, mitambo ya viwanda vya Thika na Ruiru iliendelea kunguruma. Muislamu wa Makongeni, Thika, aliweza kumaliza zamu nzima bega kwa bega na wenzake, kisha adhuhuri ya Ijumaa akakuta mlango wa msikiti una kufuli. Kuuliza kwake kulikuwa haki: mbona huku ruhusa, kule marufuku?

Jibu la mafakihi lilikuwa na umri mrefu kuliko corona. Mtume (s.a.w.) alikataza kuingia nchi yenye tauni, na aliyemo asitoke kwa kuikimbia. Mwaka wa 18 Hijria Khalifa Umar, akiwa njiani kwenda Sham, alipata habari za tauni ya Amwas, akashauriana na masahaba, akarudi na watu wake Madina. Naye sahaba Ibn Abbas, siku ya mvua, alimwamuru mwadhini awatangazie watu waswali majumbani. Ikiwa matope ni udhuru, sembuse maradhi yanayoua! Karne ya 15, mwanachuoni Ibn Hajar al-Asqalani, ambaye tauni ilimnyang'anya mabinti zake, aliandika kitabu kizima juu yake, akasimulia jinsi watu wa Cairo walivyotoka kwa wingi kuomba dua mwaka 833 Hijria na vifo vikazidi. Taasisi ya Al-Azhar ya Misri iliporuhusu swala ya Jumaa isitishwe, katikati ya Machi 2020, ilikuwa inafuata njia iliyokwisha kukanyagwa.

Ugumu ulikuwa nyumbani. Katika madhehebu ya Shafi, yaliyoenea Afrika Mashariki, Jumaa haisihi bila wanaume 40. Baba hakuweza kuwapanga wanawe sebuleni akawahutubia; aliswali adhuhuri, rakaa nne, basi.

Tarehe 6 Aprili Rais Uhuru Kenyatta alifunga njia za kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake. Upande huu mpaka uliwekwa daraja la Mto Chania: Thika ndani, Murang'a nje. Aliyeijua hadithi ya tauni aliiona pale darajani, ikisimamiwa na polisi. Ramadhani ikaingia mwezi huohuo, na kafyu ilianza saa moja jioni, kabla ya isha. Tarawehe ikawa ya nyumbani, na Idi vilevile.

Julai misikiti ilifunguliwa kwa masharti: watu wasiozidi 100, saa moja tu, wasiwepo walio chini ya miaka 13 wala waliozidi 58. Madrasa zikabaki zimefungwa. Sharti la umri ndilo lililoniuma zaidi, maana wazee ndio wenye safu ya mbele.

Kisha ikaja 26 Machi 2021. Ibada za ana kwa ana zilisitishwa tena, safari hii katika kaunti tano tu: Nairobi, Kajiado, Machakos, Nakuru na Kiambu yetu, yenye Thika na Ruiru. Mombasa wakafunga Ramadhani misikiti yao ikiwa wazi. Thika na Ruiru wakaianza nyumbani kwa mwaka wa pili mfululizo. Fatwa ya kusitisha Jumaa naitetea bila kusita. Lakini kafara hii ya pili ilistahili kuelezwa kwa waumini hawa, waliokuwa bado wanaamka alfajiri kwenda viwandani. Ruhusa ilirudi tarehe 1 Mei, kwa theluthi moja ya nafasi ya msikiti, kumi la mwisho la Ramadhani likikaribia.