Uwanja Katikati ya Mji

Nilipopewa kufundisha Historia ya Tanzania na Maadili, nilidhani kazi ni nyepesi. Historia ingechukua karibu kipindi kizima, maadili dakika tano za mwisho. Nikishaeleza ubaguzi wa rangi wakati wa ukoloni, nawauliza wanafunzi, "Tumejifunza nini?" Wanaitikia kwa pamoja kwamba ubaguzi ni mbaya. Kengele inalia, nafuta ubao.

Siku moja nikaanza na kitu wanachokiona. Shule yetu iko Dar es Salaam, na wengi wao hupita Mnazi Mmoja kila asubuhi. Nikawauliza: mji umesongamana hivi, kwa nini pale pana uwanja mrefu namna ile? Wakasema ni mahali pa kupumzikia.

Nikachora ramani ubaoni. Wajerumani walihamishia makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891, na mapema kabisa wakaweka kanuni za ujenzi zilizoutenga mji sehemu kwa sehemu. Waingereza walipoichukua Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wakaendeleza mpango huo kwa kanda tatu: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini kwenye maduka, na Kariakoo walikokaa Waafrika. Kati ya Uhindini na Kariakoo wakaacha eneo la wazi. Hoja iliyotolewa ilikuwa afya, yaani kuzuia magonjwa yasivuke. Eneo hilo ndilo Mnazi Mmoja.

"Kwa hiyo sheria ilisema Mwafrika asijenge Uzunguni?" akauliza mmoja.

Hapo ndipo nilipolazimika kufikiri kabla ya kujibu. Kanuni zile zilitaja zaidi aina ya nyumba kuliko rangi ya mtu. Kanda ya kwanza ilitaka nyumba za mtindo wa Kizungu. Ya tatu iliruhusu nyumba za miti na udongo. Mwenye kipato kidogo alijikuta Kariakoo bila mtu kumfukuza popote. Na kipato chenyewe kilifuata rangi, kwa sababu hata shule zilikuwa za aina tatu: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Ziliunganishwa katika mfumo mmoja Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru.

"Hawakuhitaji kusema," nikamjibu. "Waliandika sharti ambalo walijua nani hataliweza."

Darasa likatulia. Msichana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, kama ile orodha ya chakula?"

Orodha ya chakula ninayo mimi. Kila mwanzo wa mwezi nasimama mstarini, nasoma majina ya ambao wazazi wao wamelipa mchango. Wao huingia kwenye banda la kulia. Wengine hukaa chini ya mwarobaini mpaka kipindi cha mchana kianze. Hakuna popote tulipoandika kwamba mtoto wa maskini asile. Tumeandika tu kwamba asiyelipa haingii.

Nilitaka kumwambia si sawa na ukoloni. Na kweli si sawa: sisi hatukukusudia kumtenga mtu, na unga na maharage vinanunuliwa. Lakini nilikuwa nimetoka kuwafundisha kwamba waliochora ile ramani nao walikuwa na sababu zilizosikika vizuri. Nikasema, "Nitakujibu." Kengele ikaniokoa.

Jioni nilikwenda kwa mkuu wa shule. Alinisikiliza, akanionyesha daftari la madeni ya jikoni. Tulikubaliana mambo mawili: majina yasisomwe tena mstarini, na banda liwe la wote, mwenye sahani na asiye nayo. Siku chache baadaye niliwakuta watoto wawili wakila sahani moja. Wengine bado wanashinda njaa, na orodha bado iko kwenye droo yangu. Yule msichana sijamjibu kikamilifu.

Ila nikifika kwenye somo lile siulizi tena tumejifunza nini. Nachora ramani ya mji, kisha nachora ya shule yetu pembeni yake, nawapa chaki. Nawaambia waoneshe Mnazi Mmoja yetu iko wapi. Swali hilo hawaliitikii kwa pamoja.