Kidonda cha Nembo, Kidonda cha Hospitali

Ukipita Lukuledi siku ya gulio, bado utamwona bibi mmoja mmoja mwenye nembo usoni. Wamakua wana mwezi mchanga pajini. Wamakonde walioteremka kutoka uwanda wa juu wa Makonde wana mistari iliyovunjwa pembe, shavu kwa shavu. Mimi nimezeekea kwenye uuguzi, na nikiwaona huwa siwazi kisu kilichochanja. Namuwaza aliyekilea kidonda.

Mwaka 1906 Mjerumani mmoja, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig, alikaa Masasi na Newala akiandika habari za nembo na ndonya za mdomoni. Weule aliona kwamba nembo haikuwa kazi ya siku moja. Bibi yangu, Mmakonde wa upande wa Newala, alinieleza vivyo hivyo: fundi alichanja, akasugua unga wa makaa ya mbarika ili rangi ishike, na kidonda kilipoanza kufunga alirudi palepale akakifungua tena. Kovu linaloachwa litulie hulala. Linalochokozwa huinuka.

Basi mafundi wale walijua kitu ambacho sisi wa hospitali tulichelewa kukizingatia: sura ya kovu huamuliwa baada ya kisu kuwekwa chini.

Wapo watu ambao ngozi yao haingoji kuchokozwa. Sindano ya chanjo begani, tundu la hereni, chunusi kifuani, na kovu huota likavuka mpaka wa jeraha, likang'aa, likawasha usiku. Madaktari huliita keloidi. Si saratani wala halienei mwilini, lakini linakera na linatia aibu. Watu weusi tunalipata zaidi kuliko wengine. Na huku kwenye mikorosho tuna mlango wetu wa pekee: mtu ana chunjua, anapaka mafuta ya ganda la korosho ili aiunguze. Chunjua inaweza kutoka kweli, ila mafuta yale hayachagui pa kuunguza, na palipoungua hubaki kovu ambalo kwa mwenye ngozi ya namna hiyo ni kubwa kuliko chunjua yenyewe.

Kidonda, basi, kinataka mtu wa kukifuatilia, na wazee wa jando hawakuwa na shida ya mgonjwa kupotea kabla hajapona. Mvulana aliingia kumbini na hakutoka mpaka apone. Alikuwepo mtu wa kumwangalia, kumwosha, hata kumkemea. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, aliiingiza jando katika kanisa lake, na watu wamebishana sana juu ya sala zilizobadilishwa. Mimi namsifu kwa jambo dogo zaidi: hakuvunja kumbi.

Hospitali za misheni nazo zilikuwa na kumbi lao, tuseme. Leader Stirling, daktari wa Kiingereza ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Afya wetu, 1975 hadi 1980, alifika Lulindi mwaka 1935. Madresa, yaani wafunga vidonda wa zamani, walionifundisha kazi walisema mgonjwa wa enzi zile alikuja kwa miguu na ndugu zake, wakapika uani, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuwaondoa. Nyuzi zilitolewa na mkono uleule uliofunga bandeji. Nyumbani mambo yalikuwa mengine: huko juu uwandani maji yalikuwa taabu hata ya kunywa. Kabla ya mradi wa maji wa Makonde wa miaka ya 1950, wanawake waliteremka mabondeni kuyafuata. Kumwambia mtu wa Newala wa wakati huo aoshe kidonda kila siku ilikuwa ni kumwongezea mkewe safari.

Siku hizi unakatwa asubuhi, mchana uko kwenye basi. Kwa uvimbe wa mafuta si neno: weka pakavu siku mbili, kisha osha kwa maji safi na sabuni ya kawaida, usipake majivu wala dawa ya meno, rudi utolewe nyuzi, usoni ndani ya wiki moja, mgongoni hata wiki mbili. Keloidi ni habari nyingine. Ikikatwa tu bila kufuatiliwa, hurudi kwa karibu nusu ya watu au zaidi, mara nyingine kubwa kuliko ya kwanza. Inataka sindano ya triamsinoloni ndani ya kovu, takriban kila mwezi kwa miezi kadhaa. Ya sikio husaidiwa pia na kibanio cha kuligandamiza.

Kuna binti wa shule aliyeletwa kwangu na mama yake, keloidi ya sikio kubwa kama embe changa. Bibi yangu, bado hai wakati huo, akalishika sikio akaligeuza.

“Mjukuu wangu, nani kakuchanja?”

“Ni hereni tu, Bibi.”

“Mbona wenzio tulilipia!”

Wataalamu wa ngozi wapo: tangu 1992 chuo cha Moshi, pale hospitali ya KCMC, kinawafundisha matabibu na wauguzi waende hata wilayani. Kinachotushinda ni kalenda. Watu huwa na fedha ya kukatwa malipo ya korosho yakitoka. Sindano ya tatu au ya nne inaangukia miezi ya kulima, nauli imekwisha. Yule binti nilimwomba mama yake aweke nauli za miezi minne kando kabla ya kumlipa yeyote kwa ajili ya kisu. Aliguna, akasema atauza mbuzi kwanza.