Radi ya Johannesburg, Rada ya Mambrui

Vijana wetu wanaosomea kompyuta na uhandisi huku ugenini hutuuliza mara kwa mara: fedha za utafiti zinapatikana wapi? Wengi huanza kwa kuiandikia mifuko ya Ulaya na Marekani. Sisi huwaambia waanze kwa kutembelea Newtown.

Hapo pana karakana ya zamani ya umeme, ambayo tangu mwaka 2004 ni kituo cha sayansi cha Sci-Bono. Inatukumbusha kwamba mji huu ulijengwa kwa dhahabu, na dhahabu ya kina kirefu haichimbwi bila umeme. Nao umeme ulikuwa na adui wake, radi. Johannesburg hupigwa sana na radi msimu wa mvua, na nyaya zikipigwa, kazi migodini husimama.

Kampuni iliyoiuzia migodi umeme, Victoria Falls and Transvaal Power, iliongozwa na mhandisi Bernard Price. Mwaka 1936, kwa mchango wake pamoja na wa shirika la Carnegie la New York, Chuo Kikuu cha Witwatersrand, ng'ambo ya reli kutoka Newtown, kilipata taasisi ya utafiti yenye jina la Price. Mkurugenzi wake wa kwanza, Basil Schonland, alikuwa amekwisha kuipiga radi picha kwa kamera maalumu na kuonyesha jinsi inavyoshuka kwa hatua.

Vita vilipoanza Septemba 1939, Schonland alipewa siri ya rada ya Waingereza: maelezo tu, bila mtambo. Kikundi chake kikaunda mtambo wake chenyewe, na Desemba mwaka huohuo ukapokea mwangwi wa kwanza. Mwaka 1940 rada yao ilikuwa imefika Mambrui, kaskazini ya Malindi, katika vita dhidi ya Waitaliano.

Miezi mitatu haitoshi kuanzisha maabara. Ilitosha kwa sababu maabara, vyombo na watu walikwisha kuwapo. Tusisahau pia kwamba utajiri ule ulitokana na jasho la wachimbaji Waafrika, ambao watoto wao hawakutarajiwa kuingia maabara ile.

Kenya ina sheria ya mwaka 2013 inayotaja asilimia 2 ya pato la taifa kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Utafiti. Kiasi hicho hakijafikiwa, kwani asilimia iliyoandikwa kwenye karatasi haimuumi mtu. Kwa hiyo, vijana, kabla ya kuandika ombi mtafuteni anayepoteza fedha kila siku kwa kukosa jibu: shirika la umeme, bandari yenye msongamano wa makontena, ushirika wa wakulima wa korosho. Mfadhili wa mbali naye akaribishwe aongeze, kama Carnegie walivyochangia. Lakini swali la utafiti litoke kwetu, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.