Kwa nini pampu ya maji inawekewa laini ya simu

Ndani ya simu yako, hata ile ndogo ya tochi, kuna sehemu inayozungumza na mnara. Sehemu ya namna hiyo huuzwa pia peke yake, bila kioo wala vitufe, ili ifungwe ndani ya mashine. Mafundi huiita moduli ya simu. Inakaribia ukubwa wa stempu, inatumia laini kama yako, na kazi yake ni kutuma taarifa kutoka mahali ambapo waya wa intaneti haufiki: kwenye mita za umeme, matangi ya mafuta, pampu za maji.

Mfano mzuri uko Kyuso, kaunti ya Kitui, nchini Kenya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga kwenye mipini ya pampu za mkono vifaa vinavyohisi mpini ukipanda na kushuka, kisha vikatuma hesabu hiyo kwa ujumbe mfupi. Mpini usipochezwa kama kawaida, ofisini wanajua kuna tatizo. Kabla ya hapo pampu ikiharibika ilikaa wastani wa siku 27 bila kutengenezwa. Wakati wa majaribio zikawa chini ya siku 3. Ila msikilizaji, kifaa hakishiki spana. Kulikuwa na mafundi waliokuwa wakiusubiri ujumbe ule.

Sasa, ujumbe usipofika kabisa? Huenda pampu imekufa, huenda kifaa ndicho kimekufa, na kijiji kinaweza kubaki bila maji huku ofisi ikidhani ni mtandao tu. Ndiyo maana mfumo mzuri hutuma salamu kwa ratiba, hata kama hakuna jipya. Ujumbe wenye sifuri unasema pampu haikutumika. Kimya kinasema nenda ukaangalie kifaa.

Mara nyingi chanzo cha kimya ni umeme. Moduli ya 2G ikisubiri hutumia umeme kidogo sana, lakini ikituma inaweza kuvuta hadi ampea 2 kwa kufumba na kufumbua. Betri iliyochoka ukiipima kifaa kikiwa kimetulia inaonekana nzima. Kikianza kutuma, volti zinaporomoka, kinazima, kinawaka upya, kinajaribu tena, kinazima. Hapo watu hulaumu mnara bure.

Antena nayo isifungiwe ndani ya sanduku la chuma, maana chuma huzuia mawimbi. Itolewe nje, na ikiwezekana juu. Laini ya kawaida inaweza kulegea kwa mtikisiko au kuingia kutu, ndiyo sababu vifaa vya viwandani vingi hutumia laini iliyounganishwa moja kwa moja kwenye bodi kwa risasi. Zipo pia laini zinazoweza kuhamia mtandao mwingine wa kwanza ukikatika. Na kifurushi kikiisha, mashine haina mtu wa kuikopesha salio.

Jambo jingine ni umri wa mtandao wenyewe. Telstra ya Australia ilizima 2G Desemba 2016, na AT&T ya Marekani ikafuata Januari 2017. Kifaa kilichojua 2G peke yake hakikuweza tena kutumia mitandao hiyo, hata kama kilikuwa kizima. Kwetu 2G bado inategemewa sana vijijini, lakini kwa kifaa cha kukaa miaka kumi, mimi ningechagua kinachoweza 4G na 2G pamoja.

Kwa hiyo kamati ya maji ikiletewa kifaa cha namna hii, imuulize muuzaji: mtandao ukikatika, hesabu zinahifadhiwa ndani hadi urudi, au zinapotea? Ujumbe unaingia kwenye simu ya nani? Na mradi ukiisha, nani atalipia laini?