Abunuwasi na mama yake



Mwulize mtu yeyote aliyesoma shule ya msingi hapa Bongo kuhusu Abunuwasi, atacheka kabla hajajibu. Atakukumbusha ile sufuria ya kuazima iliyozaa, kisha ikafa. Kuanzia Unguja mpaka Lupingu, kule ufukweni mwa Ziwa Nyasa wilayani Ludewa, mjanja huyu hahitaji kutambulishwa.

Je, unajua kwamba alikuwa mtu kweli, mwenye baba na mama?

Jina lake ni al-Hasan bin Hani. Alizaliwa Ahvaz, kusini-magharibi mwa Iran ya leo, katikati ya karne ya 8. "Abu Nuwas" ni jina la utani, kwa ajili ya nywele zake zilizoning'inia. Wasimulizi wa zamani wanasema baba yake, Hani, alikuwa askari wa Marwan wa Pili, khalifa wa mwisho wa Bani Umayya wa Damascus, aliyeuawa mwaka 750. Mama yake, Gulban, alikuwa Mwajemi aliyeishi kwa kazi ya mikono, kufuma na kushona. Kijana alikulia Basra, na inasimuliwa kwamba alifanya kazi kwa muuza manukato huku akisoma. Huko mshairi Waliba bin al-Hubab akakiona kipaji chake.

Baadaye akaenda Baghdad, mji mkuu mpya uliojengwa kuanzia mwaka 762. Mtoto huyu wa Mwajemi hakuwa na ukoo mkubwa wa kujivunia wala mali ya urithi. Mtaji wake ulikuwa ulimi. Aliwadhihaki washairi waliolilia mahame ya jangwani, yeye akausifu mvinyo. Ndiyo, Abunuwasi wetu alikuwa mnywaji! Na aliwahi kutiwa gerezani.

Hapa ndipo hekaya na historia zinapoachana. Katika hekaya, swahiba wake ni Harun Rashid, aliyetawala kuanzia 786 hadi 809. Katika historia, aliyekuwa naye karibu zaidi ni al-Amin, mtoto wa Harun, aliyeuawa mwaka 813 katika vita dhidi ya ndugu yake al-Ma'mun. Mshairi naye akafariki muda mfupi baadaye.

Watu hawakumwacha apumzike. Aliingizwa katika Alfu Lela u Lela, akabebeshwa visa vya wajanja wengine kama Juha, akasafiri hadi Indonesia, anakoitwa Abu Nawas, na hadi pwani yetu. Njiani mvinyo ulimwagika na gereza likasahaulika. Kilichobaki ni mnyonge anayemshinda mfalme kwa maneno. Nadhani hilo halikubaki kwa bahati. Kila penye mtawala anayeogopwa, watu humhitaji Abunuwasi.

Lakini tumemwacha njiani mtu mmoja: Gulban. Tunawapa watoto wetu mjanja aliyezuka tu, kana kwamba akili huota kama uyoga. Kumbe nyuma yake kulikuwa na mwanamke mgeni katika mji wa watu, na mtoto aliyeanzia dukani kwa mwingine. Mama wa namna hiyo tunao wengi, Makambako stendi na Njombe sokoni.

Siku ukimsimulia mwanao kisa cha sufuria, mtaje na Gulban. Kicheko hakitapungua.