Sitoplazimu

Sitoplazimu ni sehemu yote ya seli iliyo kati ya utando wa nje na kiini. Bakteria hawana kiini, hivyo hata DNA yao imo humo humo. Jina hilo lilianza kutumiwa na mwanasayansi Albert von Kölliker mwaka 1863.

Msingi wake ni sitosoli, ute ambao takriban asilimia 70 yake ni maji. Kilichobaki ni protini, sukari na chumvi, hasa za potasiamu. Ndani yake zimo oganeli: ribosomu zinazounda protini na mitokondria zinazozalisha nishati. Seli za majani zina pia kloroplasti.

Kazi ya sitosoli si kubeba oganeli tu. Humo ndimo glukosi inapoanza kuvunjwa, na kila molekuli moja huacha faida ya molekuli mbili za ATP (kibeba nishati cha seli) bila kuhitaji oksijeni. Misuli ya mkimbiaji wa mita 100 hutegemea sana njia hiyo.

Sitoplazimu pia ina mtandao wa nyuzi za protini unaoipa seli umbo. Baadhi ya nyuzi hizo ni njia za usafirishaji: protini iitwayo kinesini hutembea juu yake hatua kwa hatua, ikivuta vifuko vya shehena. Katika neva inayotoka uti wa mgongo hadi mguuni, safari hiyo hufikia takriban mita moja.

Sitoplazimu yenyewe pia husogea, na mwendo huo huonekana wazi kwa hadubini katika mwani aina ya Chara, ambao sitoplazimu yake huzunguka ndani ya seli bila kukoma. Mtaliano Bonaventura Corti aliueleza mwaka 1774.