FFmpeg: programu iliyotangaziwa msiba ikiwa hai

Mwaka 2012, ukiwa na kompyuta yenye Ubuntu, ukaandika neno ffmpeg kwenye terminali, ulikutana na onyo: programu hii imepitwa na wakati, itaondolewa, tumia avconv. Wengi waliamini. Kumbe FFmpeg ilikuwa hai, tena watu wanaiandika kila siku. Sasa nani aliitangazia msiba? Hebu turudi nyuma kidogo.

Mfaransa Fabrice Bellard alianza kuiandika mwaka 2000, akijificha nyuma ya jina la bandia, Gérard Lantau. Herufi FF unazijua kama uliwahi kushika deki: ni kile kitufe cha kupeleka mkanda mbele haraka. MPEG ni kundi la wataalamu lililoanza 1988 kuweka viwango vya video.

Enzi hizo mambo yalikuwa vurugu. Kulikuwa na RealVideo, Windows Media, QuickTime, kila moja na programu yake ya kuifungua. FFmpeg ilikuja na jibu tofauti: programu moja, bure, isome aina nyingi kadiri inavyowezekana.

Ili uelewe inachofanya, fikiria kontena la bandarini. MP4, MKV na AVI ni makontena tu. Mzigo uliomo ndani ni picha na sauti, zilizobanwa kwa kodeki kama H.264 au AAC. Kwa hiyo faili likigoma kufunguka, jiulize kwanza: shida ni kontena au ni mzigo? Kama ni kontena, andika hivi:

ffmpeg -i mhadhara.mkv -c copy mhadhara.mp4

Hapo mzigo unahamishwa bila kuguswa. Ubora haupungui hata chembe, na mara nyingi kazi inaisha ndani ya sekunde chache. Ukiondoa "-c copy", kwa kawaida programu inaufumua mzigo na kuubana upya: unasubiri zaidi, na ubora unapungua kidogo.

Turudi kwenye ule msiba. Kuanzia 2004, mradi uliongozwa na Michael Niedermayer wa Austria. Mwaka 2011 wenzake kadhaa walichoshwa na namna mradi ulivyoendeshwa: nani anakagua msimbo, nani ana neno la mwisho. Ugomvi ukawa mkubwa, wakajitenga na kuanzisha mradi wao, Libav. Kisheria hawakukosea, maana leseni ya programu huria inamruhusu yeyote kuchukua msimbo na kwenda nao.

Mtunzaji wa kifurushi hicho kule Debian alikuwa upande wa Libav, na Ubuntu huchota vifurushi vyake Debian. Basi watumiaji wakapewa Libav bila hata kuomba. Libav walibadilisha jina la amri kuwa avconv, lakini wakaacha amri ya zamani ya ffmpeg ikiwa na lile onyo. Onyo lilihusu nakala yao tu, ila msomaji wa kawaida angejuaje? Aliona jina FFmpeg na habari za kifo.

Niedermayer hakususa. Aliendelea kuandika, na kila Libav walipoboresha kitu, maboresho hayo yaliingizwa pia kwenye FFmpeg. Libav hawakufanya hivyo kwa kiwango kilekile. Matokeo yake, aliyetumia FFmpeg alipata jasho la pande zote mbili. Mwaka 2015 Debian ikaamua kurudi FFmpeg. Mwaka huohuo Niedermayer akajiuzulu uongozi, na Libav ikazimika polepole.

Leseni ileile iliyoruhusu nyumba igawanyike ndiyo iliyoruhusu kazi za pande zote zikutane tena. Ingekuwa mali ya kampuni moja, tangazo la kifo lingetosha kuiua. Leo VLC na Chrome hutegemea msimbo wake, na wewe pia, kila unapofungua video humo, hata kama hujawahi kuandika amri yoyote.

Ukiwa na nafasi, andika ffmpeg -version usome mstari wa kwanza. Hakimiliki inaanzia 2000. Mwenye nayo hakutajwa kwa jina la mtu. Wametajwa waandishi wa FFmpeg, wote kwa pamoja.